Mtaa Wako Uko Ukurasa Gani?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya vijana wa Likoni. Tumeiandika kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Wazee wangu, mama zetu mlioko kule nyuma, na nyinyi vijana wenzangu. Sitawaweka sana, manake najua wengine mwarudi kazini.

Naomba mikono. Ni nani kati yetu ameshawahi kulalamika kuhusu mtaro uliofurika, bomba lisilotoa maji, ama taa ya barabarani iliyozima? Haya, sote. Sasa niambieni, ni nani ameshawahi kuufungua mpango wa maendeleo wa kaunti, kwenye karatasi ama kwenye simu, akatafuta jina la mtaa wake limeandikwa ukurasa gani? Naona mikono miwili. Na mmoja ni wa mwalimu.

Basi hapo ndipo nilipo leo. Baina ya ile mikono yote na hii miwili, pesa zetu zinapita. Na wala si lazima awe mwizi amezichukua. Mara nyingi zinakwenda kihalali kabisa, zinakwenda mtaa mwingine, kwa sababu watu wa kule waliandikisha shida yao na sisi tulipiga kelele.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 104, yasema hakuna pesa ya umma itakayotengwa nje ya mpango uliotayarishwa na serikali ya kaunti ukapitishwa na bunge la kaunti. Nairudia kwa lugha ya barazani: jambo lisilokuwemo kwenye mpango halina pesa. MCA akikuahidi harusini, gavana akikuahidi juu ya gari, kama halimo kitabuni basi hata awe na nia njema namna gani, mkono wake umefungwa. Na kama hana nia njema, hicho kitabu ndicho kisingizio chake.

Kitabu chenyewe ni cha miaka mitano, wenyewe wanakiita CIDP. Tulicho nacho ni cha 2023 hadi 2027. Kila mwaka kaunti yakata kipande chake, yatengeneza mpango wa mwaka mmoja, na huo sharti uwe umefika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Kisha kufikia Februari 28 inatolewa karatasi nyingine ya kusema kila sekta itapata kiasi gani: afya hiki, barabara hiki, maji hiki. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yako bungeni. Kufikia Juni 30 yawe yamepitishwa, Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza.

Sasa angalieni sisi twafika lini. Twafika Mei. Tangazo laja, mkutano wa maoni ya umma, ukumbi fulani, saa tatu asubuhi, na sisi twaingia na hasira zetu zote twataka barabara. Wakati huo mpango wa mwaka ulishaandikwa tangu Agosti, na mafungu ya sekta yalishagawanywa tangu Februari. Ni kama mtu anayefika harusini sufuria zinaoshwa, kisha anauliza mbona biriani haikutiwa viazi. Atapewa soda, ataandika jina lake kwenye orodha, na ile orodha ndiyo itakayoonyeshwa kesho kwamba wananchi walishirikishwa.

Siwaambii msiende Mei. Nendeni, manake bunge la kaunti lina uwezo wa kurekebisha makadirio. Lakini anayetaka kitu kizima, zahanati, mtaro mkubwa, chuo cha ufundi, wakati wake ni Julai na Agosti, kipindi ambacho hakuna anayetuita na sisi hatuulizi.

Najua kuna anayesema moyoni, ah, haya ni makaratasi, serikali ikishaamua imeamua. Ndugu yangu, twende Lamu kidogo.

Mwezi wa Machi 2012 viongozi wa nchi tatu walikutana Lamu: Rais Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Walizindua mradi wa LAPSSET, yaani bandari mpya, barabara, reli na bomba la mafuta la kutoka Pwani hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Mradi mkubwa kweli, na wengi wa watu wa Lamu hawakuwa wanapinga maendeleo. Walikuwa na maswali. Mvuvi alitaka kujua, mkichimba kina cha bahari hapa, samaki watakwenda wapi na mimi nitavua wapi na mtumbwi wangu? Mikoko itakatwa kiasi gani? Mji wetu wa kale, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, utabaki vipi watu wakiingia kwa maelfu? Haya si maswali ya mtu asiyetaka maendeleo. Ni maswali ya mtu atakayebaki pale baada ya mwanakandarasi kuondoka.

Hawakujibiwa ipasavyo, wakaenda mahakamani mwaka huo huo wa 2012. Ilichukua miaka sita. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa: haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni wao, haki ya kupewa habari. Ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fidia yenyewe imekuwa safari nyingine ndefu baada ya hapo, sitawadanganya kwamba watu waliamka kesho yake wakakuta pesa. Na bandari ilijengwa, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kwa hivyo walishinda kesi, lakini maji yalikuwa yameshachimbwa. Hili mliweke akilini, nitalirudia.

Lamu hiyo hiyo kulikuwa na mradi wa pili, kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050. Leseni ya mazingira ikatolewa 2016. Wakazi wakaipinga mbele ya jopo la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta ile leseni. Kwa nini? Hapa ndipo penye somo. Mikutano ilikuwako! Watu waliitwa, wakaelezwa kuna mradi waja. Lakini jopo lilisema ile ilikuwa mikutano ya utangulizi tu, ilifanywa kabla uchunguzi wa athari haujakamilika. Ripoti ilipotoka, yenye mambo yenyewe ya moshi na jivu na maji ya bahari, wananchi hawakushirikishwa sawasawa juu ya yale yaliyomo ndani. Yaani kumwita mtu kabla hajajua anaulizwa nini, hakuhesabiki kwamba umemuuliza.

Linganisheni miradi hii miwili. Kwenye bandari, uamuzi ulikuja chimbo limeshachimbwa, ikabaki kuhesabu fidia. Kwenye makaa, walizuia kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Watu ni wale wale, Lamu ni ile ile, ujasiri ni ule ule. Tofauti ni wakati. Mimi nikiulizwa nichague lipi, fidia ama kuwahi, sina haja ya kufikiri. Mvuvi hawezi kuvua fidia.

Haya, turudi Likoni. Sisi hatuna kesi ya mabilioni, sisi twataka mtaro. Lakini mtaro nao una adabu zake za kuombwa.

Nimehudhuria mikutano hii mingi katika kazi yangu, na nawaambia neno "tunataka maendeleo" halijawahi kujenga hata choo. Karani aandika nini? "Wakazi wanataka maendeleo." Inaishia hapo. Ukisema "twataka barabara", ataandika "barabara". Ipi? Lakini akisimama mtu akasema: twataka mtaro kutoka msikiti fulani mpaka barabara kuu, urefu wake kama mita 400, nyumba zinazofurika mvua za Aprili tumezihesabu ni kadhaa, watoto wa chekechea wapita kwenye maji haya, na hii hapa karatasi ina sahihi za wakazi, nakala yake nataka mnigongee muhuri mbele yangu. Huyo mtu amewapa kazi. Mpango wahitaji mahali, kipimo na sababu, na yeye ameviandika vyote. Huo muhuri msiusahau. Karatasi isiyokuwa na muhuri ni kama salamu ya njiani.

Na kabla ya kuandika mahitaji, kuna maswali mawili ambayo sisi wenyewe lazima tujiulize, manake kaunti isipoyauliza, sisi ndio tutakaoumia.

La kwanza ni ardhi. Hapa Likoni hakuna asiyeijua shida ya ardhi. Shamba la Waitiki lilikuwa ekari kama 930, watu waliishi pale miaka bila hati, serikali ikalinunua na hati zikatolewa 2016. Alhamdulillahi, watu wana hati. Lakini sehemu zetu nyingi tumejenga nyumba kwa nyumba, ukuta kwa ukuta. Sasa twaomba zahanati. Itakaa wapi? Twaomba uwanja wa mpira. Uko wapi? Kiwanja cha umma kikishamezwa, hata pesa zikija hazina pa kushukia, mwaka unaisha zinarudi ama zinahamishwa. Kwa hivyo mimi kwa maoni yangu, hitaji la kwanza la mtaa wowote hapa lingekuwa kuorodhesha kila kipande cha ardhi ya umma kilichobaki: shule, makaburi, uwanja, njia ya kwenda pwani, kituo cha maji. Kiorodheshwe, kipimwe, kisajiliwe. Halina utepe wa kukata, hakuna mwanasiasa atakayepiga picha nalo. Lakini bila hilo, yote mengine twaandika juu ya maji.

La pili ni nani atakiendesha hicho kitu kesho. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma yataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Sisi twaipenda sana hiyo 30, kwa sababu ndiyo ya majengo. Lakini nesi halipwi na pesa ya majengo. Dawa hazinunuliwi na pesa ya majengo. Mmeyaona nyinyi wenyewe, jengo limepakwa rangi, lina jina la mradi ukutani, na kufuli mlangoni. Kisima kimechimbwa, pampu imekufa, na hakuna anayejua fundi ni wa nani. Mimi nikipewa kuchagua kati ya zahanati mpya isiyokuwa na watu, na ile ya zamani kuongezewa manesi wawili na kufunguliwa usiku, nachagua ya zamani. Mama mjamzito saa nane za usiku hatazami rangi. Uzinduzi ni wa siku moja, mshahara ni wa kila mwezi. Kwa hivyo mkiandika hitaji, mwandike na swali lake: je, fungu la kuliendesha liko wapi? Kifungu cha 115 cha ile ile sheria ya 2012 chasema kwamba kwenye kupanga, wananchi wapewe habari wazi, pamoja na njia mbadala zilizopo na gharama za kila njia. Si ihsani hiyo, ni wajibu wao.

Halafu kuna hili la kumuomba mtu kitu ambacho hana. Nusu ya yale yanayosemwa kwenye mikutano ya kaunti si kazi ya kaunti. Polisi, vitambulisho, shule za msingi na sekondari, barabara kuu, hata feri yetu hii ya Likoni, hayo ni ya serikali kuu. Kaunti ina chekechea, zahanati na hospitali za kaunti, vyuo vya ufundi, masoko, barabara za mitaa, mitaro, taka, maji. Najua kitambulisho kinawauma vijana wengi hapa, na ni haki kiwaume, na hilo tuna mahali pa kulipigania. Lakini ukitumia dakika zako tatu kumlalamikia afisa wa bajeti wa kaunti kuhusu kitambulisho, ataitikia kwa kichwa, atashukuru sana, na moyoni atafurahi kwamba hukumuuliza kuhusu soko.

Maji nimeyaweka ya mwisho kwa sababu yanatutoa mtaani kabisa. Mwajua kwamba Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji cha kwake yenyewe? Maji ya mji huu yatoka Mzima, Taita Taveta, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Yatoka Baricho, Kilifi. Sisi huku kusini twategemea Tiwi na Marere, Kwale. Na bwawa la Mwache, ambalo Mombasa yalitazamia, liko Kwale vilevile. Maana yake nini? Hata tuandike ukurasa mzima wa maji kwenye mpango wa Mombasa, nusu ya jibu iko kwenye mpango wa jirani. Mtu wa Kwale naye ana haki ya kuuliza, bomba lapita shambani kwangu kwenda Likoni, na mimi nachota kisimani? Swali lake ni la haki kabisa. Kaunti sita za Pwani zina jumuiya yao, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na kama kuna jambo la kuzungumzwa pale ni hili, kabla ya makongamano ya hoteli. Vijana wa Likoni wajuane na vijana wa Matuga. Waandike pamoja. Barua yenye sahihi za pande mbili za mpaka ina uzito ambao yetu peke yetu haina.

Nimeulizwa, je, tukiomba huo mpango tunyimwe? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yampa afisa siku 21 za kukujibu. Andika ombi, weka tarehe, baki na nakala, hesabu siku. Na ukipewa kitabu cha kurasa mia mbili cha Kiingereza asubuhi ya mkutano, simama useme: Katiba, ibara ya 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Mama yangu muuza samaki atatoaje maoni juu ya kitabu asichokisoma? Tupeni muhtasari kwa Kiswahili, wiki mbili kabla. Ombi kama hilo si kiburi.

Na kuhusu mikutano yenyewe, kuna ofisi moja, sitaitaja, iliwahi kutangaza mkutano wa maoni siku ya Ijumaa saa saba mchana, kwenye mtaa wetu wa Waislamu watupu. Nilipopiga simu kuuliza, nikaambiwa ukumbi ulikuwa wazi saa hiyo. Kwani! Ungekosaje kuwa wazi? Watu wako msikitini. Tuliandika barua, siku ikabadilishwa. Lakini tujiulize pia kuhusu sisi. Tukipanga saa kumi jioni, mama anayekaanga viazi na bhajia barabarani hawezi kuja, hiyo ndiyo saa ya riziki yake. Mwenye gurudumu hawezi kupanda ngazi. Kijana wa bodaboda akisimama saa mbili amepoteza pesa ya chakula. Wanaobaki ukumbini ni wale wale kila mwaka, wenye nafasi, na mahitaji yao ndiyo yanayoitwa mahitaji ya wakazi. Ndio maana mimi nasema tusiwangoje ukumbini. Tuwafuate. Kibao cha bhajia kwa kibao cha bhajia, stendi kwa stendi, kabla ya siku ya mkutano, na karatasi zao tuzipeleke sisi.

La mwisho ni tarehe. Mpango huu wa miaka mitano unakwisha 2027. Unaofuata, wa 2028 hadi 2032, utaandikwa karibu na vumbi la uchaguzi, viongozi wapya wakipanga ofisi na sisi tukiwa bado tumevaa fulana za kampeni. Kitakachoandikwa pale ndicho kitakachotubana miaka mitano, na mwenye karatasi tayari ndiye atakayesikizwa wakati wengine wanatafuta kalamu.

Kwa hivyo tumeanza. Kila mtaa ukurasa mmoja: mahitaji matatu, mahali, kipimo, ardhi ni ya nani, na nani ataendesha. Lengo letu ni kila wadi ya Likoni iwe na kurasa zake kabla ya Agosti. Mtongwe na Timbwani wamepatikana vijana. Shika Adabu, Bofu na Likoni yenyewe bado twatafuta watu wawili wawili, mmoja awe dada, manake kuna nyumba mimi siwezi kubisha hodi mchana. Fomu ziko kwa dada aliye pale mlangoni. Andika jina la mtaa wako kwanza, lako baadaye.

Haya, maswali. Naona mzee ameinua mkono zamani, tuanze na yeye.